Tendo Halina Kifutio

Oktoba 2015, katika kijiji cha Dalmellington, kusini-magharibi mwa Scotland, mhudumu wa tawi dogo la posta alikuwa akipokea kwenye kompyuta fedha taslimu zilizotoka tawi kubwa. Kiasi kilikuwa pauni 8,000. Alibonyeza kitufe cha kukubali, kioo kikaganda. Akabonyeza tena, na tena, na tena. Mfumo wa Horizon, uliotengenezwa na kampuni ya Fujitsu kwa ajili ya Posta ya Uingereza, ukahesabu kila mbonyezo kuwa mapokezi mapya. Hatimaye hesabu zikaonyesha kwamba tawi limepokea pauni 32,000. Pauni 24,000 ambazo hazikuwahi kuwepo duniani zikasimama kama deni.

Kosa la namna hiyo mainjinia wanalijua, na dawa yake wanayo. Ila nyuma ya kosa lenyewe kuna swali lililowahi kuwakosesha usingizi wanafalsafa na wanateolojia karne nyingi kabla ya umeme: tendo likishatendeka, laweza kufutwa? Aristotle alikubaliana na mshairi Agathon kwamba hata Mungu hayageuzi yaliyopita. Katika karne ya 11 mtawa wa Italia, Petro Damiani, aliona neno hilo ni kumpunguzia Mwenyezi uweza wake, akaandika barua ndefu kulipinga. Karne mbili baadaye Thomas Aquinas akarejea upande wa Aristotle: kinachojipinga chenyewe hakihesabiwi miongoni mwa vitu vya kuwezwa, hivyo Mungu hapungukiwi kitu kwa kutokifanya.

Waandishi wa programu zinazounganisha mifumo ya mashirika wameingia katika mjadala huo bila kualikwa. Wamo ndani yake kwa zaidi ya miaka 40 sasa, na walichokigundua kinastahili kusikilizwa hata na wasiojua kuandika mstari mmoja wa programu.

Kazi yao ni hii. Benki ina mfumo wake, kampuni ya simu ina wake, shirika la umeme lina wake, hospitali vivyo hivyo, na hakuna uliojengwa ukiujua mwingine. Katikati huwekwa programu ya kuunganisha, inayopokea ombi kutoka upande mmoja, kulifasiri, na kulifikisha upande wa pili. Kila jambo ambalo mfumo mmoja unaruhusiwa kuuomba mwingine huitwa operesheni: angalia salio, lipa bili, hamisha fedha, sajili mgonjwa. Mwaka 2001 kampuni za Ariba, IBM na Microsoft zilipeleka mbele ya W3C, chombo kinachoweka viwango vya wavuti, lugha iitwayo WSDL ambamo kila operesheni huandikwa kama mkataba. Upande wa huduma husema: nitapokea ujumbe wa namna hii, nitajibu kwa namna hii, na nikishindwa nitakueleza kosa kwa namna hii. Wengi leo wamehamia kwenye mtindo mwepesi zaidi uliotokana na tasnifu ya Roy Fielding ya mwaka 2000. Ahadi imebaki ile ile.

Ndani ya mkataba huo kuna operesheni za aina mbili, na tofauti yake ni kubwa kuliko inavyoonekana. Kuangalia salio hakubadilishi kitu. Mtu anaweza kuuliza mara mia na dunia ikabaki ilivyokuwa. Kuhamisha fedha ni jambo jingine kabisa. Mwanafalsafa wa Oxford J. L. Austin, ambaye mihadhara yake ilichapishwa mwaka 1962 baada ya kifo chake, alionyesha kwamba yapo maneno yasiyosimulia habari: kuyatamka ndiko kutenda. Watu wa pwani ya Afrika Mashariki hawakumhitaji Austin kulijua hilo. Mume anayetamka talaka hatoi taarifa kuhusu ndoa yake, anaivunja. Bwana harusi anayesema amekubali mbele ya walii na mashahidi hatoi maoni. Ujumbe wa operesheni ya kuhamisha fedha ni neno la jamii hiyo, likitamkwa na kifaa kwenda kwa kifaa kingine, usiku, bila shahidi aliye macho.

Ugumu huanza pale jibu lisiporudi.

Mtu ananunua umeme wa LUKU kwa simu saa mbili usiku. Ombi lake linapita kwa kampuni ya simu, likapita katika lango la malipo, likafika kwenye mfumo unaouza umeme. Namba 20 za kuingiza kwenye mita zinatakiwa zirudi kwa njia ile ile. Fedha zimekatwa, namba hazijaja. Je, ombi halikufika? Au limefika na kazi haijafanyika? Au kazi imefanyika, namba zimetolewa, na jibu ndilo lililopotea njiani? Kwa aliyeketi upande wa kuuliza, hali zote tatu zina sura moja: kimya. Mtu huyo yuko gizani kwa maana zote mbili.

Mtu anaweza kudhani kwamba mtandao bora zaidi utaliondoa tatizo hilo. Hautaliondoa. Mwaka 1975 watafiti Akkoyunlu, Ekanadham na Huber walionyesha kwamba pande mbili zinazowasiliana kwa njia inayoweza kupoteza ujumbe haziwezi kamwe kufikia uhakika kwamba zimekubaliana. Miaka mitatu baadaye Jim Gray, mmoja wa baba wa elimu ya hifadhidata, alilipa jambo hilo sura ya majenerali wawili walio juu ya vilima viwili, adui akiwa bondeni katikati yao. Wakishambulia pamoja watashinda. Mmoja akienda peke yake ataangamia. Wa kwanza anatuma tarishi kusema saa ya shambulio. Wa pili anajibu kwamba amepata. Lakini huyo wa pili anajuaje kwamba jibu lake limefika? Atahitaji uthibitisho, na uthibitisho huo nao utahitaji wake. Hata wakitumiana matarishi elfu, wa mwisho daima atabaki hajulikani kama alivuka bonde. Mwaka 1990 Joseph Halpern na Yoram Moses waliliweka jambo hilo katika lugha ya falsafa ya maarifa: ujuzi wa pamoja, ule ambao kila mmoja anajua kwamba mwenzake anajua kwamba yeye anajua, na kuendelea hivyo bila mwisho, haupatikani pale ujumbe unapoweza kupotea.

Kwa hiyo kutokuwa na hakika ni sehemu ya maumbile ya kazi hii, na anayeandika operesheni kana kwamba jibu litarudi siku zote anajidanganya kwa gharama ya watu wengine. Kinachobaki kwake ni kuuliza tena, yaani kurudia ombi. Na kurudia ndiko kulikoiingiza Dalmellington matatani.

Hapa ndipo waandishi wa programu walipoifikia elimu ambayo mwanafunzi wa madrasa huipata mapema. Imamu Nawawi, mwanachuoni wa Syria aliyefariki mwaka 1277, alikifungua kitabu chake cha Hadithi Arubaini kwa hadithi ya nia. Wanazuoni wa fikihi wanaeleza kwamba moja ya kazi za nia ni kutenganisha matendo yanayofanana kwa nje. Alfajiri Muislamu huswali rakaa mbili za sunna, kisha rakaa mbili za faradhi. Kwa rukuu na sijda zake hazitofautiani. Nia ndiyo inayosema hii ni ipi.

Ujumbe wa kulipa shilingi 5,000 ukifika mara mbili, hakuna kitu ndani ya kiasi hicho, wala katika jina la mlipaji, kinachoieleza seva kama huyu ni mtu mmoja anayerudia kwa sababu hakujibiwa au ni mtu anayetaka kulipa mara ya pili. Maneno ni yale yale. Dawa waliyoipata mainjinia ni kuipa nia yenyewe namba. Kabla ombi la kwanza halijaondoka, jambo analolitaka mteja hupewa utambulisho wake. Ombi likirudiwa mara kumi, utambulisho haubadiliki, na seva ikiuona tena hurudisha jibu la awali bila kutenda upya. Mteja akitaka kununua kwa mara ya pili, hiyo ni nia nyingine na inapata namba nyingine. Lau Horizon ingeweza kujiuliza kama fedha hizi sizo zile ilizokwisha kuzipokea, mibonyezo ya pili, ya tatu na ya nne isingekuwa na madhara.

Kuna jambo zito katika ufumbuzi huo. Mashine, ambayo haina nia, haiwezi kutenda haki mpaka iwekewe nafasi ya kuibeba nia ya binadamu. Mwandishi anayeliacha hilo kwa kuwa muda ni mdogo amejenga kitu kinachosikia sauti tu.

Lakini hata nia ikihifadhiwa vizuri, yako matendo yatakayofanyika na baadaye ikajulikana kwamba hayakupaswa kufanyika. Ndani ya hifadhidata moja kuna rehema fulani: muamala ambao haujathibitishwa unaweza kurudishwa nyuma kana kwamba haukuanza. Kati ya mashirika mawili rehema hiyo ni adimu, maana hakuna shirika litakalofunga milango yake likisubiri la pili liamue. Jim Gray aliandika mwaka 1981 kwamba dhana ya muamala imetoka katika sheria ya mikataba, na kwamba muamala uliothibitishwa hautenguliwi. Unaweza tu kufuatiwa na muamala mwingine wa kuurekebisha. Wahasibu wameishi hivyo siku zote: ingizo lililokosewa halikwanguliwi, huandikwa jingine la kulisahihisha, na yote mawili hubaki yakisomeka.

Mwaka 1987 Hector Garcia-Molina na Kenneth Salem wa Chuo Kikuu cha Princeton waliligeuza wazo hilo kuwa mbinu. Muamala mrefu, walisema, ukatwe vipande, na kila kipande kiwe na mwenzake wa kufidia. Safari ikihitaji kuweka nafasi ya ndege, kisha chumba cha hoteli, kisha gari, na gari likakosekana, chumba kinafidiwa kwanza, halafu ndege, kwa kurudi nyuma hatua kwa hatua. Lugha ya BPEL, iliyopitishwa na shirika la viwango la OASIS mwaka 2007 kwa ajili ya kupanga huduma za wavuti zifanye kazi pamoja, ina sehemu maalumu ya kuandikia fidia hizo.

Ifahamike fidia inafanya nini na nini haifanyi. Chumba kilichorudishwa kilikuwa kimeshamkosesha nafasi mgeni mwingine aliyepita saa moja kabla. Ujumbe wa kumpongeza mtu kwa mkopo aliopata ukishasomwa haurudi. Unaweza tu kufuatwa na ujumbe wa kuomba radhi. Mkenya aliyekosea namba akatuma fedha kwa M-Pesa hupeleka ujumbe wa muamala kwenda 456, na fedha zikirejeshwa, marejesho hayo nayo ni muamala. Wa kwanza haujapotea. Yapo mawili sasa, na kati yake kuna muda ambao mtu alikaa na wasiwasi. Thamani imerudi, saa zile hazikurudi. Maji yakimwagika hayazoleki, na mainjinia wa Princeton walilifikia hilo kwa njia yao wenyewe.

Dini zimekuwa zikizungumza lugha hii kwa muda mrefu, na kwa undani zaidi. Katika Riyadh us-Salihin, kitabu kinachosomwa misikitini kuanzia Lamu hadi Kilwa, Nawawi anataja masharti ya toba: kuliacha kosa, kulijutia, na kuazimia kutolirudia. Kosa likigusa haki ya binadamu mwingine sharti la nne linaongezeka, nalo ni kumrudishia mwenye haki haki yake. Mishna ya Wayahudi, katika sura zinazohusu Siku ya Upatanisho, inafundisha kwamba siku hiyo haiondoi kosa la mtu kwa mwenzake mpaka mwenzake aridhishwe. Katika Injili ya Luka, Zakayo mtoza ushuru hakuishia kwenye furaha ya kumkaribisha Yesu nyumbani. Aliahidi kumrudishia mara nne yeyote aliyemdhulumu.

Ukilinganisha masharti hayo na operesheni ya kufidia, jambo moja linajitokeza. Programu inaweza kulitimiza sharti la nne pekee. Inaweza kurudisha fedha. Kujuta haiwezi, wala kuazimia. Masharti matatu ya kwanza yanabaki kwa watu: walioandika, waliosimamia, walioidhinisha, na taasisi iliyowaajiri. Taasisi ikisema kwamba mfumo wake umesharekebisha, na ikaishia hapo, imeikabidhi mashine kazi isiyoweza kuifanya.

Posta ya Uingereza ilifanya baya zaidi ya hilo. Tangu Horizon ilipoanza kutumika mwaka 1999 hadi 2015, mapungufu yaliyoonekana kwenye hesabu za matawi yalidaiwa kwa wahudumu. Sheria ya huko iliruhusu mahakama kuichukulia kompyuta kuwa ilifanya kazi sawasawa mpaka mtu athibitishe vinginevyo, na mhudumu wa kijijini hakuwa na njia ya kuthibitisha. Zaidi ya watu 900 walitiwa hatiani kwa wizi, udanganyifu au kughushi hesabu. Wengi wao walisimulia baadaye kwamba waliambiwa ni wao tu wenye tatizo hilo. Mwanamke mmoja alifungwa akiwa mjamzito. Wengine walilipa kwa akiba zao fedha ambazo hazikupotea.

Kisha likabainika jambo ambalo mwandishi yeyote wa operesheni za kufidia angepaswa kulisoma mara mbili. Wafanyakazi wa Fujitsu waliweza, wakiwa mbali, kuingiza miamala katika hesabu za tawi bila mhudumu kujua, na Posta ilikuwa imekanusha uwezekano huo kwa miaka. Marekebisho ya siri hayawezi kuitwa fidia. Fidia inahitaji aliyedhurika ajue kwamba aliumizwa, ajue nini kimerudishwa na nani amekirudisha. Ikifanywa gizani, hata ikiwa sahihi kwa hesabu, inamnyang'anya mtu ushahidi wake.

Jaji Peter Fraser, katika hukumu ya Desemba 2019 iliyotokana na kesi ya wahudumu wakiongozwa na Alan Bates, alichambua kasoro za Horizon moja baada ya nyingine, Dalmellington ikiwemo, akaufananisha msimamo wa Posta na wa mtu anayeshikilia kwamba dunia ni bapa. Mei 2024 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuzifuta hukumu za wahudumu wengi waliotiwa hatiani. Ripoti ya kwanza ya tume ya uchunguzi, iliyotoka Julai 2025, ilieleza kwamba watu wasiopungua 13 huenda walijiua kwa sababu ya sakata hilo. Kwa hao hakuna hatua ya kurudi nyuma iliyoandikwa, wala haitaandikwa.

Muumini anaweza kuuliza: mbona Mungu hufuta? Uislamu unafundisha kwamba malaika huyaandika matendo ya kila mtu, na pia kwamba mema huyaondoa maovu. Wakristo nao husoma katika kitabu cha Isaya kwamba Mungu huyafuta makosa ya watu wake. Jibu liko katika kuangalia ni nani anayefuta. Mbinguni anayefuta ndiye mwenye haki aliyekosewa, na anafuta kwa rehema. Katika seva, mwenye mamlaka ya kufuta safu ya kumbukumbu mara nyingi ni upande uliokosa, na akifuta hufuta kwa faida yake. Vitendo vinafanana kwa nje. Nia, kwa mara nyingine, ndiyo inayovitenganisha.

Hannah Arendt, katika kitabu chake cha mwaka 1958 kuhusu hali ya binadamu, alisema matendo ya watu yana udhaifu wa namna mbili: hayatabiriki yaendako, na hayarudishiki yakishatoka. Dawa ya kwanza aliiona katika ahadi, ya pili katika msamaha. Mikataba ya huduma za wavuti ni juhudi halisi ya kutoa ahadi. Kuhusu msamaha, operesheni ya kufidia inaweza kuufungulia njia, haiwezi kuutoa. Unabaki mikononi mwa aliyeumizwa, ambaye ana haki ya kuukataa hata baada ya shilingi ya mwisho kurudi. Mashirika yanayotuma ujumbe wa "tunaomba radhi kwa usumbufu" kwa wateja wote kwa pamoja yanasahau kwamba msamaha huombwa kwa mtu mwenye jina.

Haya yote yana matokeo ya kila siku katika vyumba ambamo programu hizi huandikwa, Nairobi, Dar es Salaam au Kampala. Katika miradi mingi operesheni ya kutenda huandikwa kwanza, hujaribiwa, huonyeshwa kwa wakubwa na kupigiwa makofi. Ile ya kufidia huja mwishoni, siku zikiwa zimeisha, na hujaribiwa kidogo au isijaribiwe. Mpangilio huo unapaswa kugeuzwa. Kabla ya kuandika namna ya kumkata mtu fedha, timu ijue kwa maandishi namna ya kumrudishia, atajulishwaje, na kumbukumbu ya yote mawili itakaa wapi. Operesheni ambayo haina jibu la maswali hayo haijakamilika, hata kama inafanya kazi.

Zana zenyewe zinaruhusu. Safaricom ilipofungua Daraja, lango la kuunganisha programu za watu wengine na M-Pesa, iliweka humo operesheni ya kurejesha muamala, na ombi lake lina sehemu za kujazwa: namba ya muamala wa awali, kiasi, anwani ya kupelekwa taarifa endapo muda utaisha bila jibu, jina la anayeanzisha marejesho, na maelezo. Kompyuta haichunguzi kama maelezo hayo yana maana. Mwandishi anaweza kuyajaza neno moja na ombi likapita. Jina la mwanzilishi nalo linaweza kuwa la akaunti tu, isiyo ya mtu yeyote. Au kampuni inaweza kuamua kwamba nyuma ya jina hilo pawepo mfanyakazi anayejulikana, mwenye namba ya simu inayopokelewa saa mbili usiku, na mwenye mamlaka ya kumwambia mteja aliye gizani nini kilitokea kwa fedha zake na lini zitarudi.